Zloti Mia Tatu na Arobaini

Nimezihesabu mezani mara mbili,
kisha mara ya tatu, maana mara ya pili zilipungua:
zloti mia tatu na arobaini,
na sarafu ndani ya kopo la haradali
ambazo sizitaji. Hizo ni za tramu.

Daktari alinichorea shingo kwenye karatasi.
Hapa tezi, akasema, na hapa ubavuni mwake
unapita mshipa wa fahamu, mwembamba kama uzi wa kitani.
"Tutaukwepa, Bi Bogna. Ila sauti
huenda ikarudi nzito kidogo. Huenda isipande tena."
Nikamwuliza lini. Akasema tarehe kumi na tisa.
Basi nina siku ishirini na mbili za kutafuta maiki.

Nilitaka kondensa.
Nani asiyeitaka? Rangi ya fedha, imening'inizwa kwa mipira
kama yai lisilotakiwa kuguswa.
Ireneusz, muuza vyombo vilivyotumika,
aliniazima usiku mmoja, akashika kitambulisho changu rehani.
"Sikiliza kwanza nyumba yako," alisema,
"ndipo uisikilize maiki."

Nikaimba ubeti mmoja, nikavaa hedfoni,
na humo alikuwamo kila mtu isipokuwa mimi:
radieta ikikohoa maji yake ya moto,
lifti ikijikokota hadi ghorofa ya saba,
jirani Halszka, nyuma ya ukuta, akikwangua sufuria,
tramu ikikata kona,
friji, saa, goti langu mwenyewe,
na katikati ya mkutano huo sauti yangu,
imekaa nyuma kama mgeni asiyejua nani kamwalika.

Maiki ile haina kosa. Ina masikio ya mdaku.
Inataka chumba kilichonyamaza,
na hapa Łódź, katika jengo la vibao vya saruji,
chumba kama hicho hakiuzwi kwa zloti mia tatu na arobaini.
Tena inataka umeme wake, volti arobaini na nane,
na kisanduku cha kuutoa umeme huo,
na stendi, na waya.
Mpwa wangu Radek alipiga hesabu kwenye simu,
akanigeuzia kioo bila kusema neno.
Rahisi ni ghali, sawa.
Lakini ghali nayo ni ghali.

Asubuhi nikairudisha.
Ireneusz akavuta droo, akatoa nyingine:
dainamiki, nyeusi, wavu wake umebonyea upande mmoja
kana kwamba ilipigwa konzi.
Ilikuwa ya bendi ya harusi. Ilianguka jukwaani huko Sieradz,
ikaendelea na kazi.
Mia na sabini, akasema. Mia na hamsini, nikasema.
Mia na sitini, na waya juu yake.
"Hii ina uziwi kidogo. Ya mbali haiyajali.
Isogelee. Vidole viwili toka mdomoni. Iambie siri."

Kisanduku cha mitumba, mia na hamsini na tano.
Kizuizi cha pumzi nimekishona kwa soksi ya nailoni
juu ya fremu ya kudarizia ya mama.
Stendi ni mguu wa taa.
Studio ni kabati: nimekaa kati ya koti la sufu la baba
na magauni ninayosubiri yanienee tena.
Sufu hula mwangwi. Dawa ya nondo inanukia.

Kwanza nilitoa noti moja tu, ile ya juu,
hadi pumzi ikaniishia.
Nyimbo za kwaya nikaziacha.
Nikaita "Radek, chakula!" mara tatu, kwa sauti ya siku zote,
kwa sababu hiyo nayo ni yangu
na hakuna daktari aliyeniuliza habari zake.

Nimesikiliza. Radieta haimo. Lifti haimo.
Nimo mimi, karibu mno, hata mate yasikika.
Ila sekunde ya arobaini, chini kabisa,
kuna kijiko na sufuria.
Radek anasema anaweza kumfuta Halszka kwa kitufe kimoja.
Mwache, nimesema. Ameshaingia.

Zimebaki zloti ishirini na tano,
siku kumi na sita,
na zile za kopo.